Arcanaeum ya Winterhold: Tathmini ya Mkutubi Kuhusu Maktaba ya Uchawi Uliopotea

Daraja la mawe linaloelekea Chuo cha Winterhold limemegeka ubavuni, na chini yake ni jabali refu na bahari ya barafu. Mwanzoni mwa daraja husimama mwalimu aitwaye Faralda, ambaye hamruhusu mgeni kupita mpaka aoneshe kwamba anao walau uchawi kidogo. Asiyeujua ule anaotakiwa kuuonesha huuziwa palepale kwa sarafu 30 za dhahabu, kisha hupimwa. Nimelivuka daraja hilo mara nyingi tangu mchezo wa kompyuta wa Skyrim ulipotolewa na Bethesda Softworks tarehe 11 Novemba 2011, na karibu kila mara nilikuwa nakwenda mahali pamoja tu, yaani Arcanaeum, maktaba ya chuo hicho. Kazi yangu ya kila siku ni ukutubi. Kwa hiyo tathmini hii haitagusa mapigano wala uzuri wa milima, mambo ambayo wengine wameyaeleza vya kutosha. Nitaipima Arcanaeum kama ninavyopima maktaba yoyote ninayoingia: mkutubi wake ni wa namna gani, vitabu vimepangwaje, vinatunzwaje, na inafanya nini kitabu kinapopotea.

Kwanza niseme neno juu ya neno. Katika Kiswahili, mchawi ni mtu wa usiku, mwenye husuda, anayedhuru jirani. Anayetibu tunamwita mganga, na hao wawili hatuwachanganyi. Watu wa Winterhold si wa aina yoyote kati ya hizo mbili. Ni wanazuoni: wanafundisha, wanachimbua magofu, wanabishana juu ya maana ya maandishi ya kale. Nitawaita wanazuoni wa uchawi, ingawa nakiri kwamba wenyeji wa mji ulio chini ya chuo hulisikia neno hilo kama tunavyolisikia sisi. Katika mwaka wa 122 wa Enzi ya Nne, kwa hesabu ya ulimwengu huo, sehemu kubwa ya mji iliporomoka baharini, nyumba na watu pamoja, huku chuo kikibaki kimesimama. Mchezo unaanza mwaka wa 201, miaka 79 baadaye, na mtawala wa mji, Jarl Korir, bado anawanyooshea kidole wanazuoni. Mji umebaki na nyumba chache, nyumba moja ya wageni na duka moja. Msomaji anayepanda kwenda maktaba hupita kwanza katikati ya msiba huo, na naona waundaji wa mchezo walifanya vyema kutoweka njia nyingine.

Arcanaeum yenyewe iko ghorofani, juu ya ukumbi wa kufundishia: chumba kimoja cha mviringo, dari yake iko juu sana, rafu zimezunguka kuta, na mwanga wake ni wa buluu hafifu. Mkutubi ni Urag gro-Shub, mtu wa jamii ya Orc, mwenye ndevu nyeupe na sauti ya kukwaruza. Orc katika ulimwengu huu husifiwa kwa uhunzi na vita, hivyo kumkuta mmoja wao akiwa mlinzi wa maandishi ya kale ni jambo lililonigusa tangu siku ya kwanza. Mgeni anapomsogelea, Urag hamkaribishi kwa tabasamu. Humweleza kwamba chumba hiki ni chake, na kwamba atakayekivuruga ataitiwa viumbe wa moto na barafu wamrarue. Wachezaji wengi huona ni ukali usio na sababu. Mimi nimewahi kufungua kitabu cha nadra nikakuta kurasa nne zimenyofolewa kwa wembe, kwa hiyo namwelewa kabisa.

Hata hivyo, kwa upande wa huduma Urag ana mapungufu. Hakuna katalogi. Hakuna orodha ya waandishi, hakuna alama kwenye rafu, na anayetaka kujua kama kitabu fulani kipo analazimika kufungua rafu moja baada ya nyingine na kusoma majina. Vitabu vya historia vimechanganywa na vya mitishamba, na juzuu za mfululizo mmoja hutawanyika bila utaratibu. Kuazima nako hakupo: Urag huuza vitabu, lakini hana daftari la kuandika nani amechukua nini na atarudisha lini. Kwa maktaba inayojulikana kuwa ndiyo hazina kubwa ya maarifa ya uchawi kaskazini, huu si upungufu mdogo, na sidhani ni sadfa kwamba tukio kubwa linaloihusu maktaba hii ni la wizi.

Tukio hilo ndilo sababu hasa ya mimi kuandika tathmini hii, kwa hiyo nitalieleza kwa kirefu. Wanafunzi wa chuo, wakiongozwa na mwalimu mzee Tolfdir, wanachimba katika magofu ya Saarthal, mji wa kale wa Wanord, watu wa nchi hiyo ya kaskazini, na humo ndani wanakuta tufe kubwa linalong'aa ambalo hakuna anayejua ni nini. Mkuu wa Chuo, Savos Aren, anapoletewa habari, hatoi amri ya kulifungua, kulivunja wala kulificha. Anamtuma mchezaji maktaba. Ni mara chache sana nimeona katika mchezo wowote mkuu wa taasisi akipewa jambo zito na hatua yake ya kwanza ikawa kuuliza nini kimeandikwa juu yake. Na pale maktaba, Urag anajibu kwa uchungu kwamba vitabu ambavyo vingesaidia havipo: mwanafunzi mmoja, Orthorn, amekimbia navyo kwenda ngome ya Fellglow, ambako wanazuoni walioasi wamejikusanya, akitumaini kwamba zawadi hiyo itamfanya akubaliwe nao.

Vitabu vyenyewe ni vitatu tu. Kimoja ni kipande cha maandishi juu ya Artaeum, kisiwa kilichotoweka pamoja na wanazuoni wake. Cha pili kinamhusu mfalme wa mwisho wa Waayleid, taifa la kale lililokwisha. Cha tatu, kiitwacho Night of Tears, kinahusu usiku ambao Saarthal iliangamizwa. Ngome nzima ya adui, yenye vizuizi, mitego na watu wa kuua, inavamiwa kwa ajili ya vitabu vitatu ambavyo vingeenea katika mfuko wa mwanafunzi. Orthorn anakutwa amefungiwa ndani ya kizimba, kwa kuwa wale aliowapelekea zawadi walichukua vitabu na yeye wakamweka akiba kwa majaribio yao. Ndani kabisa kuna mwanamke aitwaye The Caller, na vitabu vimewekwa chumbani mwake kimoja kimoja juu ya vinguzo vya mawe, vimeonekana na wakati huohuo havifikiki. Mchezaji ana njia tatu: kupigana naye, kumshawishi kwa maneno, au kumkabidhi Orthorn na kuondoka na vitabu kwa amani.

Mara ya kwanza nilimkabidhi Orthorn. Nilijiambia kwamba vitabu havina kosa na mwizi analo. Niliporudi maktaba na kuviweka mbele ya Urag, akavipokea kama mtu anayepokea mtoto aliyepotea sokoni, nilihisi nimefanya kazi yangu, lakini usiku ule sikuendelea kucheza. Ndipo nikakisoma Night of Tears kutoka mwanzo hadi mwisho. Mwandishi wake anahoji simulizi iliyozoeleka kwamba Waelf, jamii nyingine ya kale, waliishambulia Saarthal kwa chuki tupu, na kudokeza kwamba huenda Wanord walikuwa wamefukua kitu chini ya mji wao, na kwamba vita vilikuwa vya kukigombania kitu hicho. Kumbe tufe tuliloliacha linang'aa kule chini lilikuwa limeshaandikwa, na jibu lilikuwa kwenye rafu miaka yote hadi mtu mmoja alipolibeba. Mchezo ungeweza kuliweka jibu hilo kinywani mwa mzimu au mtabiri. Uliliweka katika kitabu kilichoibwa, na ukamtaka mchezaji aende kukirudisha kwa miguu yake mwenyewe.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi. Katika Skyrim, uchawi hufundishwa kwa vitabu maalumu, na kitabu cha namna hiyo mtu akishakisoma hutoweka. Hakibaki mfukoni, hakirudi rafuni, kimeliwa. Anayefuata hana budi kutafuta nakala nyingine. Waundaji wa mchezo walikuwa na sababu zao, kwani kitabu kinachotumika mara moja kina thamani sokoni na hakimjazi mchezaji mzigo, lakini kwa mtu wa maktaba ni jambo la kutisha: ni elimu ambayo kila mwanafunzi akiipata humnyima ndugu yake. Sijawahi kusikia mtu yeyote chuoni akilizungumzia. Urag, anayetishia watu kwa viumbe wa moto kwa sababu ya kelele, angepaswa kuwa na la kusema kuhusu vitabu vinavyoyeyuka mikononi mwa wasomaji, na ukimya wake nauhesabu kuwa kasoro kubwa ya uandishi katika sehemu hii ya mchezo.

Na uchawi uliopotea katika ulimwengu huu haukupotea katika hadithi peke yake. Umepotea kutoka mchezo hadi mchezo, na aliyefuata mfululizo huu kwa miaka anaweza kuutaja kwa majina kama mtu anayehesabu waliotangulia mbele ya haki. Katika Morrowind ya mwaka 2002, mtu aliweza kuelea hewani juu ya paa za miji. Aliweza kuweka alama mahali popote na kurudi hapo kwa neno moja. Aliweza kuruka bonde zima kwa mruko mmoja. Ilipokuja Oblivion mwaka 2006, kuelea kulikuwa kumekwisha. Ndani ya hadithi ilitajwa sheria iliyopiga marufuku jambo hilo, na nje ya hadithi sababu ilikuwa ya kiufundi: miji ilitengenezwa kama sehemu zilizojitenga na nchi inayoizunguka, hivyo mtu anayepaa juu ya ukuta angekuta mji hauna kitu ndani. Alama na kurudi navyo vilitoweka. Bado wanazuoni wa Arcane University, chuo cha uchawi katika Oblivion, walikuwa na madhabahu ambapo mtu aliunganisha nguvu mbili au tatu na kutunga uchawi wake mwenyewe, akaupa jina alipendalo. Skyrim ilipofika, hata hilo liliondolewa. Uchawi wa kufungua kufuli haupo tena, na fani nzima ya Mysticism imefutwa, mali yake ikagawiwa kwa majirani: kunasa roho kumehamishiwa fani ya kuita viumbe, kusogeza vitu kwa mbali kumepelekwa fani ya kubadili vitu. Zilizobaki ni fani tano.

Lakini vitabu havikufutwa. Maandishi mengi yaliyo kwenye rafu za Skyrim yaliandikwa kwa ajili ya michezo iliyotangulia, yakabebwa kutoka mmoja hadi mwingine bila kuguswa. Kile cha mfalme wa mwisho wa Waayleid, nilichokitoa Fellglow, nilikwishakisoma katika Oblivion. Kwa hiyo Arcanaeum inahifadhi sauti za watu walioishi wakati uchawi ulikuwa mpana kuliko ulivyo sasa, na msomaji aliyecheza zamani anajua kwamba hawaongopi, maana yeye mwenyewe alielea. Sijui maktaba nyingine yoyote ya kubuni yenye msomaji anayeweza kuketi ndani yake na kuukumbuka uchawi uliopotea kwa kumbukumbu zake mwenyewe. Hili, kwangu, linazifuta kasoro zote za katalogi.

Yapo pia mambo mawili ambayo Arcanaeum na walimu wake wanayafanya vizuri kabisa. La kwanza ni Shalidor, mwanazuoni mkubwa wa Enzi ya Kwanza anayesimuliwa kuwa ndiye aliyeijenga Labyrinthian, ambayo sasa ni magofu. Maandishi yake yametawanyika mapangoni na makaburini kote nchini. Urag humtuma mchezaji kuyatafuta, moja baada ya jingine. Yakiletwa, huyafasiri, kisha humpa mchezaji magombo yanayoitia nguvu fani moja kwa muda mfupi. Malipo si makubwa, na kazi yenyewe hurudiwarudiwa hadi wengi wakachoka. Mimi naipenda kwa kuwa ndivyo kazi ya kukusanya nyaraka ilivyo: unakwenda mbali, unarudi na karatasi moja, mtu anakaa nayo mezani, na kesho mnaanza tena.

La pili ni mtihani wa Drevis Neloren, mwalimu wa uchawi wa kiini macho. Ustadi wa mchezaji ukifika 90, Drevis humweleza kwamba kuna maandishi manne ya mabingwa wa fani hiyo yaliyofichwa ndani ya chuo, nayo hayaonekani kwa macho ya kawaida, kisha humfundisha uchawi wa kuyaona. Mchezaji anazunguka vyumba alivyovizoea kwa miezi, na mahali alipokuwa akipita kila siku pana kitabu kimekaa wazi. Hakikuwa kimehamishwa wala kufungiwa. Nilipokipata cha kwanza nilisimama pale kwa muda.

Aya hii na inayofuata zinafichua hadithi, basi asiyependa kujua mapema aziruke. Anayemwuliza Urag kuhusu lile gombo la kale liitwalo Elder Scroll hupewa vitabu viwili. Kimoja kinasomeka. Cha pili ni cha Septimus Signus, na hakieleweki hata kidogo. Mwandishi wake alikuwa bingwa wa magombo hayo, akapotelea kwenye barafu kaskazini ya chuo, na akili yake ikapotea pamoja naye. Mchezaji hana budi kumfuata, kwa kuwa anahitaji gombo hilo ili ajifunze Dragonrend, neno la nguvu la kumshusha joka kutoka angani, ambalo wazee wa mlimani hawalijui na joka mwenyewe hawezi kulielewa. Njia ya Septimus inaelekea chini ya ardhi, Blackreach, na pia inaelekea kwa Hermaeus Mora, mungu wa maarifa yaliyokatazwa, ambaye naye ana maktaba.

Maktaba hiyo, Apocrypha, inatembelewa katika nyongeza ya Dragonborn iliyotoka Desemba 2012. Mbingu yake ni ya kijani, kuta zake ni milundo ya vitabu, maji yake ni meusi na yana minyiri. Milango yake ni vitabu saba vyeusi vilivyosambaa kisiwani Solstheim, na karibu kila kimoja humpa msomaji nguvu anayoichagua. Kwa wingi wa vitabu, Arcanaeum haiwezi hata kutajwa mbele yake. Lakini tazama inavyokusanya. Watu wa Skaal, wakazi wa kisiwa hicho, wanayo elimu yao ambayo haikuandikwa, inayopita kutoka kwa mzee hadi kwa mrithi wake, na Mora anaitaka iwe bei ya msaada wake. Mzee wao Storn anakubali kukifungua kitabu ili watu wake waokoke, na Mora anaichukua siri kutoka ndani ya mwili wake, akamwacha amekufa mbele ya bintiye. Urag anamtuma mtu atafute kilichopotea na anakifasiri ili kisomwe. Mora anakipoteza kwa wenyewe ili kiwe chake. Nimezicheza maktaba zote mbili, na sijaona mahali pengine tofauti kati ya kuhifadhi na kulimbikiza ikioneshwa wazi namna hii.

Hadithi ya chuo kwa jumla ni fupi mno. Mtu anaweza kupanda hadi kuwa Mkuu wa Chuo huku akitegemea upanga karibu safari nzima, na kwa taasisi ya elimu hilo ni aibu. Maandishi yote, mamia ya vitabu, hayana tafsiri ya Kiswahili. Asiyesoma Kiingereza au mojawapo ya lugha nyingine chache zilizotafsiriwa ataiona Arcanaeum kama pambo tu, na kwa sehemu ambayo uhai wake wote umo katika kusoma, hasara hiyo ni kubwa.

Kwa anayetaka kuanza, toleo la mwaka 2011 linaridhika na kompyuta ya kawaida yenye RAM ya GB 2 na nafasi ya GB 6, wakati Special Edition ya mwaka 2016 inadai RAM ya GB 8 na nafasi ya GB 12, basi apime mashine yake na bando lake kabla ya kulipa. Nakala yangu ya kwanza ilikuwa diski niliyouziwa mtaani kwa bei ya chee, na ilikatika kila nilipoingia Saarthal. Nilipoteza kumbukumbu za mchezo wa wiki tatu kabla sijanunua nakala halali. Nenda Winterhold mapema, usingoje mpaka uwe shujaa. Hifadhi mchezo kabla ya kufungua kitabu chochote cha kufundishia uchawi, kwa kuwa hakitarudi. Ukishavirudisha vile vitatu vya Fellglow, usiondoke chumbani haraka: chukua Night of Tears, kaa kwenye kiti kilicho karibu na meza ya Urag, na ukisome chote kabla ya kushuka tena kwenye lile tufe.